Ramani Isiyojua Majina Yetu

Mwaka jana rafiki yangu alisafiri kutoka Dar es Salaam kuja Newala kwenye maziko ya shangazi yangu. Nilikuwa nimemtumia jina la kijiji, lakini ramani ya simu yake haikulitambua, basi akaandika "Newala" peke yake. Yakatokea majibu mawili yaliyoandikwa sawasawa. Akagusa la kwanza. Safari ikamfikisha katikati ya mikorosho, pasipo nyumba wala mtu wa kuuliza, kwa kuwa programu ilikuwa imepima kitovu cha wilaya nzima na kubandika jina hapo. Alipotufikia, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa na watu walikuwa wakinawa mikono.

Hesabu ya mashine ile haikukosea. Kitovu cha wilaya kweli kilikuwa pale. Kosa lilikuwa la lugha. Ndiyo maana nalileta kwenu, wapenzi wa ushairi na lugha, badala ya kuwapelekea mafundi wa kompyuta. Ramani hizi za mtandaoni, ambazo msomaji huzisogeza na kuzikuza kwa kidole, ni maandishi kabla ya kuwa picha. Mlango wake ni kisanduku cha kutafutia, nacho hufunguliwa kwa jina. Jina likikataa, uzuri wote wa rangi na mistari hubaki ndani.

Tazameni majina yetu yalivyo. Kuna Halmashauri ya Mji wa Newala na Halmashauri ya Wilaya ya Newala. Mgeni hawezi kuzitofautisha iwapo ramani haimwandikii neno "mji" au "wilaya". Kuna Kitangari, ambayo wengine huiandika Kitangali, na hao nao hawajakosea, maana *r* na *l* ni majirani wasiogombana katika vinywa vya watu wa huku. Kuna kiambishi *chi-* cha Chimakonde ambacho Kiswahili hukigeuza *ki-*, hata mzee na mjukuu wake wakalitafuta jina moja chini ya herufi mbili. Na kule bondeni unapita mto ambao sisi twauita Ruvuma, na wenzetu wa Msumbiji huuandika Rovuma. Kisanduku kinachodai herufi zilezile alizoandika karani fulani kimewafungia nje nusu ya wenyeji.

Dawa yake si ngumu. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuisahihisha, imeacha nafasi ya jina la msingi, jina mbadala, jina la zamani na jina la kila lugha. Nafasi zipo. Kinachokosekana ni watu wanaojua cha kuzijazia, na hao ni akina sisi.

Kisha liko suala la maneno ya njia. Simameni pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji wa Newala, ambapo uwanda wa juu wa Makonde hukatika ghafla na macho yakatua katika bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Katika ramani nyingi mahali hapa ni kialama tu cha mandhari ya kupigia picha. Hakuna linalomwambia msomaji kwamba kijiji kinachoonekana karibu kwenye skrini kipo chini, na kwamba kurudi ni kupanda. Wenyeji hawasemi "kaskazini mita mia tatu". Husema teremka, panda, pita ukingoni. Uwanda huu hauna mito juu yake. Vizazi na vizazi vya akina mama vilishuka mabondeni kuchota maji na kupanda na ndoo kichwani, na hata leo maji husukumwa kwa pampu kutoka chanzo cha Mitema kule Kitangari. Kwa watu wa namna hiyo, mteremko ndio habari yenyewe ya njia.

Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka Masasi na Newala akiwapa watu karatasi na kalamu wachore wapendacho. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1908 imo ramani ya njia kuu ya misafara pamoja na vituo vyake, kazi ya mnyapara wa wapagazi wake aliyeitwa Pesa Mbili. Mtu yule alijua ramani yake ni ya nani: ni ya mtembea kwa miguu, anayetaka kujua kituo kipi kinafuata kipi. (Neno *kituo* linatuhusu sisi watunzi pia, lakini tuliache.) Mbuni wa leo anayerundika hoteli, benki, mipaka ya kata na matangazo katika skrini ya upana wa kiganja hajafikiri hata robo ya alivyofikiri Pesa Mbili. Anakula bando la mtu bure, na mtandao ukiyumba, hakuna kinachofunguka.

Ninyi mliozoea mizani kumi na sita za mshororo mwajua uchungu wa kulitoa neno zuri kwa sababu nafasi haipo. Mbuni wa ramani naye huamua kila mara msomaji akivuta karibu: jina gani libaki, lipi lingoje. Ningependa amuzi hilo lifanywe na mtu mwenye sikio. Hata vitufe vyenyewe vyahitaji sikio. Vitabu vya jiografia vimetupa *ufunguo*, neno zuri mno la kueleza alama, na *skeli*. Kwa nini basi programu zituandikie sentensi za kutafsiriwa na mashine? "Vuta karibu" naipenda kuliko "kuza", ingawa najua wapo watakaonipinga, nami nitawasikiliza.

Kijiji cha shangazi nimekwisha kukiingiza, kwa majina matatu: la serikali, la wazee, na lile la makondakta. Njia ya kwenda huko nimeifikisha penye mwembe mkubwa. Kutoka hapo kuna vijia viwili vinavyoteremka, na majirani bado wanabishana kila kimoja kiitwe nani.