Bao Si Uchawi

Mji wa Arusha umezoea sheria. Hapa lilitangazwa Azimio la mwaka 1967. Hapa ulitiwa sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1999. Hapa mahakama ya mauaji ya Rwanda ilifanya kazi yake mpaka mwaka 2015. Lakini mtu akiyaacha majumba hayo akaenda Engutoto, akawakuta wazee wawili chini ya mti na bao kati yao, huenda akaona ugomvi usio na hakimu. Mmoja alijifunza mchezo Tanga, mwenzake alifundishwa papo hapo chini ya Meru. Kila mmoja ana sheria yake kichwani, wala hapana maandishi ya kuwaamua.

Ugomvi wa kwanza huwa juu ya kutakasa. Bao lina mashimo 32 na kete 64, nusu kwa nusu. Mwanzoni kila mchezaji huweka kete 6 katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 hubaki mkononi ili zinamuliwe moja moja. Awezaye kula hana budi kula. Asiyeweza hutakasa, yaani husambaza kete bila ya kula. Basi aliyeanza kwa kutakasa, kete yake ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete, na shimo la adui linalolikabili likawa limejaa, hushawishika kula. Hana haki hiyo. Zamu iliyoanza kwa kutakasa humalizika kwa kutakasa. Mkono ulioingia kwa amani haugeuki upanga njiani.

Ugomvi wa pili ni mkubwa zaidi, na hapo ndipo uchawi unapotajwa. Kete za mkononi zikiisha na mchezo ukaingia katika mtaji, huweza kutokea mchezaji akatakasa kwa namna ya kujiwekea shimo moja tu la adui atakalolila katika zamu ijayo, hali adui mwenyewe hana cha kula. Hapo shimo lile limetakasiwa: mwenye nalo haruhusiwi kulihamisha ili kuziokoa kete zake, hutakasa kwa shimo jingine. Sheria haikukosa huruma. Shimo likiwa ni nyumba, au ndilo pekee lenye kete katika mstari wa mbele, au ndilo pekee katika mstari huo lenye kete zaidi ya moja, halifungwi. Asiyefundishwa haya huona mali yake imefungwa mbele ya macho yake bila ya sababu. Huinuka akasema, "Mzee huyu ana dawa." Hivyo fundi aliyetumia miaka mingi kunoa akili yake husifiwa kwa uganga, na aliyeshindwa huondoka bila ya kujua kosa lake. Hasara ni ya wote wawili.

Wapo wanaodai kwamba bao hujifunzwa kwa jicho, na kwamba sheria zake zikiandikwa mchezo utakufa. Watu hao na wautazame uwanja wa michezo wa Arusha wasome jina lake. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Je, ushairi ulikufa? Washairi walipata jambo la kushikilia, na waliotaka kubishana walipata jambo la kubishania. Sheria iliyoandikwa haimfungi fundi, humfunga mdanganyifu.

Wengine husema kila mahali pana bao lake. Ni kweli; Wamaasai wana enkeshui yao ya mistari miwili, nayo ni mchezo kamili usiohitaji ruhusa ya mtu wa pwani. Wingi wa michezo si kosa. Kosa ni watu wawili kukaa mbele ya bao moja la mistari minne, kila mmoja akidhani wanacheza mchezo mmoja, hali wanacheza miwili. Anayeandika sheria za Zanzibar hafuti desturi za Arusha. Huonyesha mpaka ulipo, ili wachezaji wakubaliane kabla ya kete ya kwanza kuanguka.

Aibu kubwa imewalalia wasomi wa Kiswahili. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi mafundi wa Zanzibar wanavyofikiri hukimbilia kitabu cha Alexander de Voogt, Mholanzi, cha mwaka 1995, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza. Mgeni huyo hana lawama; alikaa na mafundi akawasikiliza. Lawama ni ya wenyeji waliopita karibu na mti ule ule kila siku, wakaona wazee wanapoteza wakati. Namua, takasa, takasia, kichwa, kimbi na mtaji ni istilahi ambazo Kiswahili hakikuziazima Ulaya. Mwenye kuililia lugha kwamba haina maneno ya elimu, naye hajaziandika hizi kwa ufafanuzi, analia machozi ya bure.

Na waende basi na daftari zao chini ya mti, wangali wapo wa kuulizwa. Mali bila ya daftari huisha bila ya habari.