Kompyuta Kuukuu ya Michezo: Tuitupe au Tuihuishe?

Imekuwa desturi katika maduka ya Darajani na Mlandege kwamba kijana aulizapo namna ya kuiongezea nguvu kompyuta yake ya zamani, ili iweze kuendesha michezo mipya, hujibiwa kwa maneno mawili: nunua nyingine. Jibu hilo lina manufaa kwa muuzaji, lakini kisayansi ni jibu la kivivu. Katika makala haya nakusudia kutetea rai iliyo kinyume chake, na kuwaomba walimu wa fizikia na hisabati katika skuli zetu waitazame kompyuta ya michezo, hiyo wanayoilaumu kwa kuwapotezea vijana wakati, kuwa ni chombo cha maabara ambacho tayari kimo majumbani.

Nyingi katika kompyuta hizo nizionazo hapa Unguja hazikuundwa kwa ajili ya michezo. Ni mashine za ofisi zilizotengenezwa kati ya 2012 na 2017, za aina ya Dell OptiPlex na nyinginezo, ambazo zilistaafishwa ng'ambo, zikaja kuuzwa kwetu kama mitumba, kisha zikatiwa kadi ya michoro. Mwenye mashine kama hiyo na akiba ndogo hana budi kuanza kwa swali moja kabla hajaingia dukani: ni sehemu ipi hasa inayoichelewesha?

Swali hilo lina historia. Mnamo mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alitoa hoja ambayo hadi leo hufundishwa vyuoni: faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi hupimwa kwa kadiri ya muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikiutumia. Tuchukue mfano. Mchezo unachukua sekunde 60 kufunguka. Katika hizo, sekunde 45 kompyuta inaisubiri diski na 15 tu prosesa inafanya hesabu. Tukinunua prosesa yenye kasi maradufu, tutapata 45 na 7.5, yaani sekunde 52.5. Fedha nyingi zimekwenda na mchezaji hatoona tofauti kubwa. Lakini tukiweka diski yenye kasi mara tano, zile 45 zitakuwa 9, na jumla itashuka hadi sekunde 24. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulifanya zoezi hili bila msaada.

Sababu ya diski kuwa kizuizi ni ya kifizikia. Diski ya kuzunguka ya kawaida hufanya mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde. Ili data itakiwayo ifike chini ya kichwa cha kusomea, kwa wastani husubiriwa nusu mzunguko, takriban milisekunde 4.2, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea. Diski mango haina kitu kinachozunguka. Hujibu katika muda ulio mdogo zaidi ya hapo kwa mara nyingi sana. Kwa hiyo, kwa mashine ambayo bado inatumia diski ya kuzunguka, sioni ununuzi wa pili unaoshindana na huo.

Hata hivyo, diski haiufanyi mpira uende laini zaidi uwanjani baada ya mchezo kufunguka. Hapo kazi ni ya prosesa na kadi ya michoro, na kuna jaribio lisilogharimu hata senti. Picha yenye nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta 2,073,600. Ile ya 1,280 kwa 720 ina 921,600 tu, ambazo ni pungufu kwa mara 2.25. Punguza ukubwa wa picha katika mipangilio ya mchezo, kisha hesabu picha kwa sekunde. Zikiongezeka sana, kadi ya michoro ndiyo iliyokuwa ikilemewa. Zisipobadilika, tatizo liko kwa prosesa, na mwenye kununua kadi mpya atakuwa ameitia fedha yake baharini. Nashangaa kwamba jaribio jepesi namna hii halifahamiki, na kijana huambiwa abadilishe kadi kwa kubahatisha.

Kadi yenyewe ina mipaka ya umeme. Tundu lake kwenye ubao mama hutoa wati 75 kwa ukomo. Kadi kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 imeundwa kutosheka na kiasi hicho, na ndiyo maana inafaa kwa mashine za ofisi ambazo pawasaplai zake ni dhaifu. Kadi kubwa zaidi huhitaji waya wa ziada ambao mashine hizo mara nyingi hazina. Aidha, kadi nyingi za mtumba zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali hadi Septemba 2022, pale mfumo wa Ethereum ulipoacha uchimbaji wa aina hiyo. Kadi iliyofanya kazi hiyo si lazima iwe mbovu, ila feni yake imezunguka usiku na mchana. Muuzaji asiyekubali kadi iendeshwe mbele ya mnunuzi kwa dakika 20, tena kwa mchezo mzito, ni bora kuachana naye.

Sasa nafikia jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi hailitaji, nalo kwetu ndilo kubwa. Hewa ya Mji Mkongwe ina chumvi, na chumvi ya kawaida huanza kujiyeyusha kwa maji ya hewani pindi unyevu ufikapo asilimia 75 hivi. Kiwango hicho hupitwa mara kwa mara, hasa wakati wa masika. Ongeza unga wa chokaa udondokao kutoka kwenye kuta za mawe ya matumbawe, na utapata utando unaoziba mapezi ya kupozea na kuzila shaba za ubao mama polepole. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mchezaji hudhani mashine imezeeka, kumbe imezibwa pumzi. Kapasita nazo zina kanuni ya makadirio: joto lake likipungua kwa nyuzi 10, umri wake hukaribia kuwa maradufu. Burashi laini, pesti mpya ya kupitishia joto juu ya prosesa, na kuiinua mashine kutoka sakafuni, ni matengenezo ya gharama ndogo kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza.

Umeme wetu nao una historia yake. Tunaupokea kutoka Tanzania Bara kwa waya upitao chini ya bahari tangu 1980. Wakubwa wanakumbuka kiza cha Mei na Juni 2008, na kile kirefu zaidi kilichoanza Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulipowekwa mwaka 2013 hali ilikuwa bora, lakini kukatika na kurudi kwa ghafla hakujaisha, na ni kule kurudi ndiko kunakoua pawasaplai. Kijana mwenye fedha za kitu kimoja tu, ambaye diski yake bado nzima, ningemshauri anunue stabilaiza ya kuaminika kabla ya kadi yoyote. Najua ushauri huu hautapendwa, kwa kuwa stabilaiza haionekani kwenye skrini.

Kuna waliokata tamaa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11 huzikataa rasmi prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwisho wa 2017, hata kama zina nguvu ya kutosha. Mashine hizo zikitupwa zitakwenda wapi? Kisiwa hiki kimekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye vinyweleo, na maji ya visima vyetu hutoka humo humo. Kilichomwagwa juu hushuka. Baadhi ya mashine za zamani zina risasi kwenye viungio vyake. Hivyo basi, kuihuisha kompyuta si suala la mfuko wa mzazi peke yake.

Njia ipo: mfumo wa Linux hautozwi fedha, na tangu 2018 programu ya Proton ya kampuni ya Valve imewezesha michezo mingi iliyoandikiwa Windows kuchezwa humo. Baadhi ya michezo ya kushindana mtandaoni bado huukataa mfumo huo kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu. Asiyeweza kuiacha michezo hiyo itampasa aweke akiba kwa ajili ya ubao mama, prosesa na kumbukumbu kwa pamoja, kwani kumbukumbu ya DDR3 haiingii katika tundu la DDR4. Lakini diski mango, stabilaiza, na pengine sanduku na kadi yake ataendelea navyo.