Asali Yatoka Kibondo, Jina Labaki Mjini

Asali ya misitu ya Kibondo na Kasulu huondoka kwa madumu na ndoo, bila jina. Ikifika mjini hutiwa katika chupa, hubandikwa lebo na bei hupanda. Nyongeza hiyo haimfikii mwenye mzinga, kwa kuwa jina lililo kwenye chupa si lake.

Wapo wanaodhani jambo hili lilikwisha malizwa huko Geneva. Ni kweli kwamba Mkataba ulioanzisha Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) ulitiwa saini Stockholm tarehe 14 Julai, 1967, ukaanza kutumika 1970, na Tanzania ikajiunga mwaka 1983. Lakini Mkataba huo uliunda shirika. Haukumpa mfanyabiashara haki juu ya dumu hata moja. Haki hupatikana kwa kusajili alama, na kwa Tanzania Bara msajili ni BRELA.

Hapa wengi hukosea. Cheti cha jina la biashara si ulinzi wa alama ya bidhaa. Alama husajiliwa peke yake, hulindwa kwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Neno Kibondo tupu ni jina la mahali, hivyo vyama vya wafuga nyuki vitafute neno au mchoro wao. Kisingizio cha umbali nacho kimepungua, maana maombi hupokelewa kwa mtandao.

Tena cheti cha BRELA hakivuki mpaka wa Mabamba wala Manyovu. Zanzibar yenyewe ina msajili wake! Mwenye soko Burundi atumie Mkataba wa Paris wa 1883, unaosimamiwa na WIPO: akiomba huko ndani ya miezi 6, huhesabiwa tarehe ya ombi lake la kwanza nyumbani.

Wauzaji wa maharage ya njano wa Kasulu wana la kujifunza Mexico. Mwaka 1999 Marekani ilimpa Larry Proctor wa Colorado hataza juu ya maharage ya njano yenye asili ya Mexico, naye akawadai walioyaingiza nchini humo. Mexico ilikuwa mwanachama wa WIPO, lakini uanachama huo haukuizuia hataza. Kituo cha utafiti cha CIAT, Colombia, kiliipinga, na mahakama ikaimaliza mwaka 2009 tu. Miaka 10 ni misimu mingi ya mavuno.

Vyama vitenge ada ya usajili kabla ya kununua madumu mengine.