Ordinateri haizimiki bure

Bandugu watumishi wa mines, na nyinyi bamama mulio ku nyumba, hii juma tuache kidogo masaa ya ziada na primu. Tuongee juu ya ordinateri. Si kitu cha mabosi tu. Leo mu makambi na mu site, nyumba mingi ya mutumishi iko na moja, mara mingi ni okazio iliyotoka Ulaya, tuliilipa kidogo kidogo. Mutoto anaandika mo kazi ya inivesite, mama anahesabia mo biashara yake, na sisi watu wa sendika tunatia mo fishi za mushahara na barua zote.

Halafu inaanza kuzimika yenyewe. Leo inatumika saa moja, inakufa. Kesho inapitisha siku nzima bila shida. Kesho kutwa ekrani inakuwa bulu, na maandiko meupe ambayo hakuna mutu anasoma. Unaipeleka kwa fundi, naye hata hajaifungua anasema: "Ni virusi, tuformate."

Sisi tunakataa hii dawa moja kwa magonjwa yote. Kuformate mashini inayozimika ovyo, mbele ya kuangalia ndani, ni sawa kufukuza shofere juu radiateri ya kamyo imetoboka. Unalipa, makaratasi yako yote yanafutwa, mashini inakaa vizuri siku mbili, halafu inazimika tena. Juu ya nini? Juu mara mingi ubaya uko mu chuma, hauko mu programu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, mbele ya yote, ni kukopia makaratasi yako ku fleshi wakati mashini ingali inawaka. Nyuma yake njo tutafute.

Tuanze na umeme, juu kwetu huyu ndiye mushitakiwa wa kwanza. Laini ya umeme ya Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1700, ilianza kazi mwaka 1982, na ilijengwa juu ya mines. Mashini za mines zinalindwa na kabini na vifaa vya kila namna. Nyumba zetu zinapata kile kinachobaki. Ordinateri inangojea volti 220. Magaribi, kila mutu anawasha resho, umeme unashuka, balbu inakuwa nyekundu sawa kaa la moto. Halafu delestaji. Wakati umeme unarudi, unarudi na kishindo. Ndani ya ordinateri kuko sanduku linaloitwa alimantasio, linageuza ile 220 kuwa volti 12, 5 na 3,3. Lile sanduku likichoka, linashindwa kuvumilia mashini ikitumika nguvu, na yote inakatika kwa mara moja, sawa mutu amevuta plagi. Hakuna ekrani ya bulu, hakuna neno.

Chukua karneti, andika siku na saa ya kila kuzimika. Kama ni saa ya resho, umekwisha kupata. Kama ni portable yenye bateri nzima, chomoa waya uitumie na bateri peke: isipozimika, ubaya uko ku umeme ao ku sharjeri. Kama ni ya meza, ipeleke siku mbili kwa ndugu mwenye laini nzuri. Angalia pia priza na mulitiprizi, zile nyaya tunazofunga na mikono bila kukaza. Stabilizateri inanyoosha voltaji, lakini umeme ukikatika haisaidie kitu. Onduleri njo iko na bateri, inakupa dakika za kufunga kazi yako vizuri. Tunajua ni bei. Lakini hesabu umelipa formataji ngapi.

Wa pili ni vumbi. Sisi watu wa Likasi na Kolwezi, hakuna mutu wa kutufundisha vumbi! Wakati wa kiangazi, kamyo zikipita barabarani, hata sahani mu kabati inakuwa nyekundu. Ile vumbi inaingia mu ventilateri ya ordinateri, inaziba radiateri ndogo, na prosesa inachemka. Prosesa iko na ulinzi wake: joto ikikaribia digri 100, inapunguza mwendo, ikizidi inakata yote ili isiungue. Alama yake ni hii: inakufa nyuma ya dakika fulani za filme ao mchezo, ukiiwasha palepale inakufa upesi zaidi, ukiiacha ipoe inavumilia. Ventilateri inalia. Na portable juu ya kitanda, ndani ya blanketi, ile munaiua nyinyi wenyewe.

Kuisafisha si kazi kubwa, lakini kwa usalama fanyeni sawa ku mine. Hakuna mutumishi anatia mukono mu konvoyeri bila kukata umeme na kufunga kadena. Ku nyumba pia: chomoa plagi, toa bateri kama inatoka, bonyeza kifungo cha kuwasha ili umeme uliobaki utoke. Vumbi itoke na brosi laini yenye kukauka. Shika ventilateri na kidole isizunguke wakati unapuliza. Lakini sanduku la alimantasio lenyewe usilifungue kamwe, juu linabakisha umeme hata nyuma ya kuchomoa. Kati ya prosesa na radiateri kuko pati inayopitisha joto. Ku mashini ya zamani inakauka, fundi aitie mupya.

Ukiwa ndani, angalia kopo ndogondogo zilizosimama juu ya karte. Ku mashini mingi za miaka ya 1999 mpaka 2007 zile kopo zilitengenezwa vibaya, zinavimba kichwa na kutoa maji. Ukiona imevimba, usitafute virusi.

Ekrani ya bulu inayobadilisha maneno kila mara, tunashuku bareti ya memwari. Zitoe, pangusa meno yake na gome, rudisha moja peke, tumia siku moja, halafu jaribu ya pili. Mu Windows, andika mdsched, mashini itapima memwari yenyewe. Na mu "Démarrage et récupération" toa alama ku "Redémarrer automatiquement": ekrani itabaki, uandike kodi yake mu karneti. Diski ikipiga tik-tik na yote inaganda, hapo kopia bila kungojea. Programu tunaziacha za mwisho, isipokuwa kama shida ilianza siku ileile ulitia kitu kipya.

Na musibadilishe vitu viwili pamoja. Ikipona, hamutajua ni nini iliponya.

Kwa vijana mafundi: hatuwadharau, wengi ni batoto wetu. Lakini mutuambie mulichoona, na mukibadilisha kipande, muturudishie cha zamani, sawa mekanisia wa gari anavyofanya.

Kwa waajiri, tuko na neno lingine. Kampuni fulani sasa zinatuma fishi ya mushahara kwa imeli peke, halafu mutumishi akija na palabre ya mushahara, wanamuuliza ushuhuda uko wapi. Uko mu mashini iliyoformatiwa! Kodi ya Kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha mwajiri kumupa mutumishi hesabu ya maandiko kila malipo. Umeme wa kuilinda fishi, bei ya onduleri, bei ya fundi, yote imeangukia mufuko wa mutumishi, na ile si haki. Ombeni karatasi, kila mwezi, yenye muhuri. Wakikataa, andikeni tarehe na jina la aliyekataa, mulete kwa delege wa sendika wa atelie yenu.