Biharusi, Kabla ya Kuuliza Bei ya Eabrashi, Uliza Inasafishwaje



Sisi tunaandika kutoka Tunduma, mkoani Songwe, mpakani na Zambia. Ofisi yetu ni ya kushona na kupamba: upande mmoja vyerehani, upande wa pili kioo na taa. Wateja wetu ni wa hapa mjini, wengine hutoka Vwawa na Mlowo, wengine huvuka kutoka Nakonde. Miaka hii karibu kila anayekuja kuulizia mapambo hutaja neno moja: eabrashi. "Mnayo eabrashi? Bei gani?" Basi. Swali la pili halipo.

Maoni yetu ni haya, na tunayasema ingawa yanatugusa mfukoni: swali la kwanza la biharusi liwe ni usafi wa chombo. Na saluni isiyosafisha eabrashi baada ya kila uso haistahili kumtoza mtu pesa ya eabrashi, hata kama picha zake mtandaoni zinang'aa vipi.

Chombo chenyewe kinavyofanya kazi

Eabrashi si uchawi wala si kitu kipya. Mmarekani Francis Stanley alipewa hataza ya kifaa cha kupulizia rangi kwa upepo mwaka 1876. Tangu hapo kimetumiwa na wachora picha, wapamba keki, na watu wanaotengeneza vimodeli vya ndege, meli na magari. Sisi wapambaji tumekirithi kwao.

Kina kikombe kidogo cha rangi juu, sindano nyembamba ndefu katikati, na nozeli mbele. Kompresa inaleta upepo. Ukibonyeza kifyatulio chini, upepo unatoka. Ukikivuta nyuma, sindano inarudi na kuacha upenyo, rangi inavutwa na upepo na kupasuka kuwa matone madogo kama umande. Upenyo wa nozeli nyingi za mapambo ni kama milimita 0.3 mpaka 0.4 tu. Hapo ndipo uzuri wa eabrashi ulipo, na hapo ndipo ubaya wake unapojificha.

Aliyesoma ufundi cherehani atatuelewa haraka. Sindano ya cherehani ikipinda kidogo, mshono unaruka. Vumbi la kitambaa likijaa chini ya meno, mashine inakata uzi. Eabrashi ni vivyo hivyo. Ncha ikipinda, rangi inakwenda pembeni. Rangi kavu ikibaki kwenye nozeli, chombo kinatema: badala ya umande unapata matone mazito, na yanatua kwenye shavu la mtu.

Kwa nini tunalishikilia suala la usafi

Tuseme haki kwanza. Eabrashi haigusi uso. Ikitunzwa, ni safi kuliko sponji moja linalozunguka kwa watu wanne. Huo ndio ubora wake mkubwa, si ule mng'ao wa kwenye picha.

Lakini sponji chafu unaliona kwa macho, na unaweza kulitupa. Uchafu wa eabrashi uko ndani ya bomba. Rangi ya juzi iliyobaki na unyevu ikikaa kwenye joto huota vijidudu, kisha kesho yake upepo unavisukuma moja kwa moja usoni, karibu na macho, pua na mdomo. Biharusi ameshasugua uso, ametoa nywele kwa uzi, ngozi yake iko wazi. Unampulizia nini hapo?

Wale wanaopaka rangi vimodeli vya plastiki husafisha eabrashi kila wanapobadilisha rangi, na jioni huvua sindano na kuifuta. Wanafanya hivyo kwa ajili ya kindege cha kuweka kabatini. Sisi tunapaka uso aliouumba Allah, wa binti wa watu, siku ambayo wazazi wake wameisubiri miaka. Tukimaliza biharusi watatu kwa kusuuza mara moja, tutakuwa tumekithamini kindege kuliko binti.

Sisi tunavyoitumia

Presha tunaiweka chini, kati ya psi 5 na 10. Vimodeli hupakwa kwa psi 15 au 20, na uso hauhitaji nguvu hiyo. Umbali ni kama sentimita 15 mpaka 20, na mkono hausimami sehemu moja. Tunapiga tabaka jepesi, tunasubiri likauke, ndipo tunaongeza. Mpulizo wa kwanza haupigwi usoni kamwe: tunajaribu kwenye tishu, tuone kama unatoka sawa.

Tukifika karibu na macho na pua, mteja anafumba macho na mdomo na anabana pumzi sekunde chache. Dirisha linakuwa wazi. Mwenye pumu tunampaka kwa mkono, kwa brashi yake mwenyewe, hata kama amelipia eabrashi, na tofauti ya bei tunamrudishia. Mapafu hayapambwi.

Na chetezo cha udi, tunajua hakikosekani kwenye chumba cha biharusi, kikae chumba kingine. Baadhi ya rangi na spiriti ya kusafishia hushika moto. Kaa la udi na ukungu wa spiriti havikai pamoja.

Usafi kati ya uso na uso

Kazi hii haizidi dakika tano. Tunaieleza ili biharusi ajue anachopaswa kukiona kikifanyika.

1. Tunamwaga rangi iliyobaki na kufuta kikombe. Rangi ya mteja mmoja hairudi kwenye chupa.
2. Tunatia kisafishio kinacholingana na aina ya rangi. Rangi ya maji hutoka kwa maji safi na kisafishio chake. Rangi ya silikoni haitoki kwa maji matupu, ina dawa yake. Tunapuliza kwenye tishu mpaka itoke nyeupe.
3. Tunaziba mdomo wa nozeli kwa pamba na kubonyeza taratibu. Upepo unarudi nyuma, kikombe kinatoa mapovu, na uchafu uliojificha unapanda juu. Tunamwaga na kurudia mpaka kisafishio kibaki cheupe.
4. Tunalegeza skrubu ya nyuma, tunatoa sindano, tunaifuta kwa kuizungusha kutoka nyuma kuelekea kwenye ncha. Ukifuta kinyume utajichoma au utaipinda.
5. Tunapitisha spiriti ya asilimia 70, tunaiacha ikae kidogo, kisha maji safi, kisha upepo mtupu mpaka pakauke. Spiriti ikibaki ndani itachoma uso wa anayefuata.

Jioni tunafungua na nozeli, tunaisafisha kwa kibrashi chake, na tunaihesabu, maana ni ndogo kama punje ya mtama na ikianguka kwenye zulia imepotea. Chombo kizima hatukiloweki: vile vipira vya ndani vitavimba na kuharibika.

Hapa kwetu kuna jambo la zaidi. Barabara ya Zambia inapita katikati ya mji, malori yanapanga foleni, vumbi halilali. Kifaa kikiachwa mezani bila kufunikwa, asubuhi kikombe kina mchanga. Kwa hiyo kinarudi kwenye boksi lake, na boksi linafungwa.

Yasiyokubalika

Kuna njia za mkato tunazozisikia mjini, na tunazipinga waziwazi.

Ya kwanza ni kutumia tina ya rangi za magari kusafishia. Ndiyo, inatoa rangi haraka. Pia inakula vipira, na mvuke wake si wa kupuliziwa mtu puani.

Ya pili ni kuazima kompresa ya gereji. Upepo wake mara nyingi una mafuta na maji ya kutu, na nguvu yake si ya ngozi.

Ya tatu ni chombo kimoja kwa kazi zote: Ijumaa keki, Jumamosi uso, Jumapili piko. Rangi ya keki huliwa. Rangi ya uso haikutengenezwa iliwe. Na piko jeusi la siku hizi mara nyingi ni dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo huwaunguza baadhi ya watu na kuwaachia makovu. Kuipuliza hewani ni hatari mara mbili. Kila kazi na chombo chake, au acha kazi moja.

Ya nne ni rangi zisizo na lebo. Mpakani kila kitu kinapita, na chupa isiyo na jina, tarehe wala orodha ya vilivyomo ni rahisi kuliko yenye navyo. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania uko chini ya TBS. Dada, chupa isiyojitambulisha usiipokee usoni.

"Lakini Jumamosi nina biharusi wanne"

Hili ndilo jibu la wapambaji wenzetu, na hatulipuuzi. Muda ni mdogo, foleni ni ndefu, mama wa biharusi amesimama mlangoni na simu sikioni. Kisafishio nacho ni gharama.

Jibu letu ni hesabu. Dakika tano mara nne ni dakika ishirini. Ukiwa na eabrashi mbili, moja inasafishwa na msaidizi huku nyingine inafanya kazi, na huchelewi hata dakika. Gharama ya kisafishio iingizwe kwenye bei tangu mwanzo na mteja aambiwe. Kama hata hivyo haiwezekani, pokea watatu. Kuchukua pesa ya kazi safi na kutoa kazi chafu ni kughushi, na dini yetu imelikataza hilo sokoni kabla TBS haijazaliwa. Rizki ya biharusi wa nne haitakukimbia kama ni yako.

Na swala je?

Hatutoi fatwa, wenye elimu wapo. Lakini maji ya udhu yanatakiwa yafike kwenye ngozi, hilo hata mtoto wa madrasa analijua, na rangi nyingi, hasa za silikoni, huacha utando juu ya ngozi. Mpambaji anayekuambia "swali hivyo hivyo, haina shida" anakuuzia asichokijua.

Sisi tunapanga kazi kwa kufuata swala. Biharusi anafika na udhu, anaswali, ndipo tunaanza. Udhu ukitoka kabla ya swala inayofuata, uso unaoshwa, na tunapaka upya bila kumtoza. Tabaka jepesi la eabrashi linarudishwa haraka, na huo ndio wakati tunaoshukuru kuwa chombo ni safi na kiko tayari. Tuna birika, sabuni na mswala ofisini. Ukumbi unaweza kusubiri robo saa.

Maswali ya kuuliza kabla hujalipa arubuni

Eabrashi hii ni ya uso tu? Rangi ni ya aina gani, na chupa naweza kuiona? Mnasafisha kwa nini, na mnaweza kunisafishia mbele yangu kabla ya kuanza? Nikihitaji kutawadha tutafanyaje?

Ukiuliza haya, usihofu kuonekana mjuaji au mgumu. Mpambaji mwaminifu atafurahi, maana ameshachoka kushindanishwa bei na mtu asiyeosha. Akinuna, umeshajua, na arubuni yako bado iko mkononi.

Na nyinyi wapambaji wenzetu, wa bara na wa visiwani, uso wa biharusi ni amana. Tumekabidhiwa asubuhi, tuurudishe jioni ukiwa mzima, bila upele wala jicho jekundu. Dini yetu imeuweka usafi kwenye mlango wa swala. Tuuweke na sisi kwenye mlango wa biashara zetu.

Allah awajaalie biharusi wetu ndoa zenye utulivu, na atubarikie mikono yetu katika kazi za halali. Amin.