Waraka kwa Wanachama Wote: Wa Kuja Naye Agombee

Uchaguzi wa tawi letu la chama cha wafanyakazi umekaribia, na kambini bado nasikia yaleyale: "Mimi wa kuja, uongozi washike wenyeji." Kabla hamjalirudia neno hilo, nawaombeni mumfahamu Philip Murray.

Alizaliwa mwaka 1886 Blantyre, Uskoti. Blantyre ilikuwa na migodi ya makaa ya mawe. Mlipuko wa mwaka 1877 uliua humo watu zaidi ya 200. Murray aliingia shimoni akiwa na miaka 10. Mwaka 1902 alihamia Pennsylvania, Marekani, pamoja na baba yake, wakaendelea kuchimba.

Malipo yalikuwa kwa uzito wa makaa. Unachimba, unajaza kigari, kinapandishwa juu, na huko mpimaji wa kampuni anaandika uzito anaoutaka yeye. Wewe uko chini, huoni kitu. Mwaka 1904 Murray, kijana wa miaka 18, aliona amepunjwa. Alimkabili mpimaji, wakapigana, akafukuzwa kazi. Wachimbaji wapatao 600 wakagoma kwa ajili yake, wakamchagua mwenyekiti wa tawi lao. Mtu wa miaka miwili tu nchini! Uraia wenyewe aliupata 1911. Kampuni ikaitoa familia yake nyumbani, na baada ya wiki nne hivi njaa ikauvunja mgomo. Murray akapandishwa treni chini ya ulinzi.

Hakuuacha umoja. Mwaka 1920 alikuwa makamu wa rais wa chama cha wachimbaji. Mwaka 1936 akapewa kazi ya kuwaunganisha wafanyakazi wa chuma, na Machi 1937 kampuni ya chuma ya U.S. Steel, iliyovikataa vyama kwa miaka mingi, ikatia saini mkataba. Kuanzia 1940 hadi alipofariki 1952 aliongoza CIO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani, lenye mamilioni ya wanachama.

Basi ninyi mliotoka mbali, ada mnakatwa kama sisi na vumbi mnalivuta kama sisi. Chukueni fomu. Nanyi wenyeji, msiulize mgombea katoka wapi. Ulizeni kama atathubutu kuingia kwa meneja kudai haki ya mwenzake. Na akifukuzwa kwa kututetea, tutoke naye sote.

Fomu zipo kwangu kabla na baada ya kila zamu. Mwisho wa kuzirudisha ni Ijumaa jioni.

Katibu wa Tawi