Maoni: Paka na dawa ya panya havikai ndani ya nyumba moja

Katika mji wa Goma, familia nyingi zikihamia nyumba ya kupanga, mgeni wa kwanza kubisha hodi si jirani. Ni panya. Usiku wanakimbia juu ya plafo, wanatoboa mfuko wa unga, wanakula hata sabuni. Baba anaomba paka mdogo kwa rafiki yake. Mama naye haoni sababu ya kungoja paka akomae, ananunua dawa ya panya kwa kijana anayeitembeza barabarani. Kiisha wiki chache, paka amelala chini ya kitanda, fizi zimekuwa nyeupe, hataki hata sambaza. Kesho yake amekufa, na watoto wanaambiwa kwamba jirani mbaya alimtegea sumu.

Mara nyingi jirani hana kosa. Sumu ilitoka ndani ya nyumba ileile.

Ndiyo maana inafaa jambo hili lisemwe wazi: mtu anayetaka kuleta mbwa au paka nyumbani, kazi yake ya kwanza ni kutengeneza nyumba. Chakula, kamba na jina vinakuja nyuma. Katika nyumba za etaji za Himbi, sawa na katika vyumba vinavyopangana ndani ya lupango moja kule Majengo au Kadutu, nafasi ni ndogo. Mbabula, kitanda, dawa na mnyama viko hatua tatu tu kimoja kutoka kwa kingine.

Tuanze na hiyo sumu. Aina nyingi za dawa ya panya zinazuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo. Anatembea siku kadhaa huku anavuja damu ndani ya mwili, anakuwa mzito, na paka anamkamata bila shida. Paka akila panya wa namna hiyo, anakula na sumu. Kwa mbwa au paka, dalili zinaweza kuchelewa siku tatu au zaidi, na mwenye nyumba hakumbuki tena unga aliouweka nyuma ya kabati. Kuna pia dawa za shamba ambazo watu wanazifunga ndani ya vifuko visivyo na jina na kuziuza kama dawa ya panya. Hizo zinaua kwa saa chache, mnyama akitetemeka na kutoa povu.

Wengi wanakimbilia maziwa au mafuta ya mawese. Hayo hayaondoi sumu, na mnyama aliyelegea anaweza kuyavuta mpaka kwenye mapafu. Kwa sumu inayozuia damu kuganda, dawa inayojulikana ni vitamini K1, inayotolewa na veterineri, na inafaa kama mnyama amefikishwa mapema. Kwa hiyo mtu apeleke mnyama pamoja na kifuko cha dawa aliyokula.

Lakini njia ya kweli ni kuchagua. Aliye na paka aache sumu kabisa. Aweke unga na mchele ndani ya ndoo yenye kifuniko, atoe takataka kila jioni, azibe matundu ya ukuta kwa simenti au wavu wa waya, na atege mtego wa kawaida. Sumu iliyowekwa chini haitofautishi paka na mtoto wa mwaka mmoja anayetambaa.

Hatari nyingine zinakaa juu ya meza. Paracetamol, ambayo haikosekani karibu katika nyumba yoyote, inaua paka, hata kidonge kimoja. Dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa, kama ina permethrin, haipashwi kugusa paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano ndani ya tumbo la mbwa. Vitunguu, vibichi au vya kupikwa, vinaharibu damu ya mbwa na ya paka. Mbabula nayo ikiingizwa ndani usiku wa baridi na madirisha yakifungwa, moshi usioonekana wa makala unaua wote waliolala humo, watu na wanyama pamoja.

Kwa wale wanaokaa juu, kuna baraza. Watu husema paka huanguka kwa miguu, basi hana shida. Mwaka 1987, madaktari wa wanyama wawili wa New York walichapisha hesabu ya paka 132 walioanguka kutoka nyumba ndefu na kufikishwa katika hospitali moja kwa muda wa miezi mitano. Kati ya waliotibiwa, karibu 9 kati ya 10 walipona. Lakini hao ni wale waliofika hospitali wakiwa hai, na wengi walikuwa wamevunjika taya, meno au miguu, ama kuumia kifua. Mpangaji wa Goma hana hospitali ya namna hiyo kwenye kona ya barabara. Wavu wa waya kwenye dirisha na kwenye baraza ni rahisi kuupata.

Mbwa naye ana kesi yake. Analetwa kwa ajili ya wezi, kiisha anafungwa mnyororo mfupi mchana kutwa, kwenye njia ambayo watoto wa wapangaji wote wanapitia. Mbwa wa namna hiyo anakuwa mkali, na siku moja anauma. Kama hana chanjo ya kichaa cha mbwa, familia nzima inaingia katika woga, sababu ugonjwa huo dalili zake zikianza, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kiisha aende hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ya mbwa ni sehemu ya usalama wa nyumba, kama vile kufuli ya mlango.

Kuna watakaouliza: mji umepitia vita, watu wanatafuta chakula cha siku, na leo mazungumzo ni paka? Ulizo hilo ni la haki. Lakini yule anayeuliza ndiye aliyemleta mbwa juu ya woga wa usiku, na paka juu ya unga wake mdogo. Wanyama hao wanafanya kazi, na mshahara wao ni mabaki ya fufu. Tena, mengi kati ya haya hayaombi hata franka moja: kuondoa sumu, kupandisha vidonge juu, kuacha mbabula nje, kusogeza mnyororo mbali na njia.

Wenye nyumba nao wasijifiche. Anayekula kodi ya kila mwezi ndiye anayepashwa kuziba matundu ya panya na kuweka chuma kwenye baraza, badala ya kumwambia mpangaji atafute dawa sokoni. Na mpangaji, kabla ya kumpokea paka mdogo ndani ya karton, apige magoti, aangalie nyumba kutoka chini, pale mnyama na mtoto wanapotembea. Kama kuna kifuko nyuma ya kabati, paka angoje kwanza.